Usiende mlangoni kwa mtu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Muheza tu wazima, bibi yako anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu ulinikatisha, na jambo hili halinipi usingizi.

Umenisimulia kama mtu aliyetoka sokoni: umempeleka yule mama wa Kikongo anayepigwa na mumewe nyumbani kwake usiku, akachukue pasi ya kusafiria na nguo za watoto, mume yuko kazini. Je, angerudi? Hapo niliponyamaza ulidhani mtandao umekatika.

Usiende mlangoni kwa mtu. Wewe mwenyewe umeandika kwenye makala zako kwamba mwanamke yuko hatarini zaidi siku anayoondoka kuliko siku zote alizovumilia. Sasa wewe uliyesimama pembeni yake umeshika mabegi, una kinga gani? Huko Ohio, Marekani, bunduki zimo majumbani. Utasema kuna sheria tangu 1996 inayomkataza aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe kumiliki silaha. Sawa, aliyetiwa hatiani. Huyo wenu hajafikishwa hata mahakamani.

Rebecca Cheptegei alikuwa askari wa jeshi la Uganda. Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Paris. Septemba ya mwaka huohuo, Jumapili, nyumbani kwake Trans Nzoia, mwanamume aliyekuwa naye zamani akammwagia petroli na kumwasha moto. Alifia hospitalini Eldoret baada ya siku nne. Askari, tena mwenye miguu ya kilomita 42. Wewe mbio zako nazijua.

Sikwambii uache kuandika. Ile makala yako ya wanawake walioolewa kutoka huku niliichapisha stationari nikawagawia wenzangu wa zamani wa mahakamani. Wengi hatukujua kwamba mke wa raia wa Marekani au wa mwenye ukaazi wa kudumu, akipigwa, anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe bila mume kuambiwa, na kwamba sheria hiyo ipo tangu 1994. Mume anamtisha kila siku, nitakurudisha kwenu, na mke anameza machungu kumbe mlango upo. Hilo liandike tena na tena, kwa Kiswahili, liwafikie mashangazi. Shangazi ndiye anayepigiwa simu usiku, na shangazi asiyejua atasema vumilia, mwanangu, utaharibu karatasi zako.

Mimi nimeyaona haya ukarani mahakama ya mwanzo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iwe inasema nini. Jumatatu mwanamke anakuja kushtaki, Alhamisi anarudi katikati ya wifi na mjumbe, ushungi ameushusha mpaka kwenye jicho, anasema amekuja kufuta kesi, alianguka kisimani. Wasiojua kusoma niliwashika kidole gumba mimi, nikakibonyeza kwenye wino, nikakipeleka kwenye karatasi. Ukaidi umeurithi kwangu, lakini kalamu umenizidi, na hilo nalisema kwa kila anayeingia humu ndani.

Ila lile la mama yako mdogo sikulipenda. Hukumtaja jina, lakini ukiandika kwamba familia ilikaa barazani, ikanywa kahawa, ikamrudisha kwa mumewe, mtaa mzima unajua ni baraza gani. Kahawa niliipika mimi. Wazee walikuwepo, mahari ilikuwa imeshaliwa, na wewe ulikuwa mdogo. Yeye mwenyewe amesoma akasema umepunguza. Basi.

Tena nakwambia, usiende mlangoni. Uliniambia polisi wa huko huombwa wakamsindikize mtu kuchukua vitu vyake. Waombeni. Na ile simu ya taifa ya wanaopigwa inapokea usiku na mchana, na wakalimani wapo. Mwenye kuhofia Kiingereza asiogope. Kubeba mabegi kuna watu wamefunzwa. Wewe wakikuumiza, nani atakayewaandikia wale wanawake? Ile picha uliyosimama mbele ya gari lako iondoe, namba inasomeka. Na hao wazee wa jumuiya yenu waliompigia mjomba wako kumwambia unawaaibisha, achana nao, mjomba nimeshamjibu mimi. Jioni ukifika kwako huku ni saa saba za usiku. Piga tu, silali kabla hujafika.

Machungwa yamezaa vizuri, ila madalali wameshusha bei tena, nimewaambia bora yaozee mtini. Nimeuza kidogo nikalipa ada ya mdogo wako, imebaki michango ya shule. Bati la jikoni limetoboka upande wa kisima, fundi amekuja akaangalia, akaondoka na maneno. Bibi ana mtoto wa jicho, hospitali ya Bombo wamesema linafanyika operesheni. Anakataa mpaka azungumze na wewe, anadai wewe ndiye msomi.

Pesa ya bibi itume kwenye laini ya mdogo wako, yangu ina tatizo la usajili. Na yule mama wa Kikongo mpe salamu zangu, mwulize watoto wameshaanza shule.

Mama yako