Usiuze Kwanza

Swahiba,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Sisi wazima, ila goti langu, nawe unazijua tabia zake. Ulivyokaa kimya nikadhani umetuhama, kumbe mwenzangu unapanga mnada! Mwalimu ndiye aliyenidokeza: eti unauza fimbo zote, rili zote za kukunjia mshipi, na ile fulana yenye mifuko ambayo hata wewe huijui yote. Eti uvuvi wa nzi, hizi ndoana zetu tunazozivika manyoya zifanane na wadudu, umekuwa kazi.

Subiri. Usiuze kwanza.

Kilichokuchosha ni ule mzigo. Tulipokuwa mtoni mara ya mwisho ulimaliza asubuhi nzima ukibadilisha nzi: wa kahawia, wa kijivu, mwenye shanga kichwani, asiye na shanga, na samaki wetu, trauti, wanaibuka pale pale mbele yako. Nilinyamaza kwa adabu tu, usidhani sikuona.

Mimi siku hizi natumia ile fimbo ya Kijapani, tenkara. Haina rili. Mshipi unafungwa kwenye ncha, urefu wake unakaribiana na wa fimbo, halafu kipande cha nailoni nyembamba, halafu nzi. Basi. Fimbo yenyewe vipande vyake huingiana, ukimaliza unaitia mkobani. Wala si jambo geni: Aelian, yule mwandishi wa zama za Warumi, aliwaeleza Wamakedonia waliovua kwa fimbo ya futi sita na mshipi wa futi sita, ndoana imezungushiwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Fulana hakuitaja.

Utaniuliza, na nzi? Ninao wachache, na ninayemfunga mara nyingi ni yule wa Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Uingereza. Unyoya wa mkia wa ndege fezanti na waya mwembamba wa shaba, hata uzi hakutumia. Maana trauti, kwa ninavyomwona mimi, mara nyingi hakatai nzi kwa rangi yake. Anakataa mwendo. Mkondo ukishaukamata mshipi, nzi anaburutwa, anakwenda mbio kuliko povu lililo jirani yake, na hakuna mdudu anayeelea hivyo. Kwa fimbo ndefu na mshipi mfupi unaunyanyua mshipi wote juu ya maji, nzi anashuka peke yake kama hana mwenyewe. Pale ndipo raha ilipo, ndugu yangu, kumtazama akishuka.

Lakini lazima usogee karibu. Samaki hukaa kichwa kikielekea unakotoka mkondo, kwa hiyo unamjia kwa nyuma, polepole, umeinama (goti hilo!). Na sikufichi, hasara zipo. Upepo unasumbua. Samaki mkubwa akikaza huna mshipi wa kumwachia, unamfuata kwa miguu ama mnaagana. Jamaa yetu wa kofia alicheka sana aliponiona nikikimbia majini. Yeye naye, na makasha yake yote ya nzi, siku ile... haya, tuyaache, nitakusimulia tukionana.

Ndiyo maana nasema usiuze kwanza. Ama uza hizo za madukani, lakini ile ya mianzi aliyokuachia Mzee, hata! Ukiiuza hiyo usiniambie. Njoo kwanza tushinde mtoni siku moja, wewe na fimbo moja, kikasha kimoja kidogo, mkasi wa kukatia nailoni. Saa iache nyumbani.

Sasa nijibu, tena wewe mwenyewe, si kupitia kwa Mwalimu. Kuna mtu umeshampa bei? Umepokea chochote? Shemeji anasemaje, au ndiye anayetaka nafasi kabatini? Viatu vyako vya majini bado havivuji? Na unakuja lini, kabla ya mvua au baada? Fulana uza tu, hiyo sina neno nayo.

Wako,
yule wa goti