Viwanja viwili, na kikao cha Jumamosi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Kuhusu viwanja viwili vya hapa Mwanza ambavyo kikundi chetu kinafikiria kununua: kile cha ufukweni Luchelele anachotupigia debe dalali, mimi nasema tukiache. Ukisimama kwenye kigingi cha chini, maji ni hapo tu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Na ile karatasi ya mauziano yenye mihuri ya mtaa siyo hati.

Cha Buswelu kimepimwa, ila katikati kuna jiwe kubwa kama daladala. Kabla ya kushangilia bei, fundi atuambie kulipasua ni shilingi ngapi na shimo la choo litachimbwa wapi. Mwanza hela huishia chini ya ardhi.

Halafu kodi ya jengo letu tulilopangisha inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, anayonunua mpangaji. Ni deni letu, tumpunguzie kwenye pango bila kusubiri alalamike.

Jumamosi saa kumi jioni, palepale. Tununue Buswelu, au tumalizie kwanza vile vyumba vya Igoma vinavyosubiri bati? Mhazini aje na daftari. Asiyefika aandike maoni hapa hapa, siyo kunipigia usiku.