Watoto wa Uganda wapewe hadithi za Kiswahili, wasingoje mtihani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwape wasomaji habari njema, kisha nikuombe jambo moja. Vitabu vyangu vitatu vya watoto vimetoka kiwandani mwezi huu. Vyote ni vya Kiswahili, na yote yanayosimuliwa humo yanatokea Uganda. Nilifundisha shule ya msingi hapa Jinja mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumpa mtoto kitabu cha hadithi cha Kiswahili ambacho ndani yake kuna ziwa analoliona akitoka darasani. Sasa vipo, na furaha yangu siwezi kuificha.

Cha kwanza kinaitwa "Mama Anaanika Mukene". Wasomaji wa Tanzania na Kenya mnamjua samaki huyo kwa jina la dagaa au omena. Ni habari ya asubuhi moja katika mwalo wa Masese hapa Jinja, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, msichana akimsubiri baba yake arudi na mtumbwi. Mukene huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hafuati taa, wavuvi hulala nyumbani na nyavu hushonwa. Kila mtoto wa Masese anayajua hayo, lakini hajawahi kuyakuta kitabuni. Nilimsihi mchoraji wangu, kijana wa Mbale, akae mwaloni mpaka aone jinsi magamba yanavyonata kwenye vidole vya wanawake wanaogeuza samaki, na yanavyometameta jua likipanda. Ameuchora mkono huo ukurasa mzima. Ukurasa unaofuata, bibi anamweleza mjukuu kwa nini wao huanika juu ya kichanja badala ya kumwaga samaki chini: aliyeanikwa mchangani mlaji humtafuna pamoja na mchanga, na mnunuzi humchukua kwa bei ya chakula cha kuku. Watoto nilowasomea walikaa sana kwenye ukurasa huo. Walikuwa na maoni yao kuhusu bei.

Cha pili ni "Ndege wa Bendera". Korongo taji yumo katikati ya bendera yetu tangu 1962, yumo kwenye jezi ya timu ya taifa, lakini watoto wengi wa mjini hawajawahi kumwona akitembea. Nilitaka wamjue akiwa hai: kwamba hujenga kiota katika majani ya kinamasi, hutaga mayai mawili au matatu, na kwamba baba na mama huyaatamia kwa zamu kwa muda wa karibu mwezi mzima. Kwamba anaweza kutua juu ya mti, jambo ambalo korongo wengi wenzake hawaliwezi, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na kinashika tawi. Na kwamba tangu 2012 ametajwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, maana vinamasi vinalimwa mpunga na kujengwa nyumba. Hilo la mwisho nililiandika kwa sentensi mbili tu, bila kuwatisha. Mtoto aliyekwisha kumpenda ndege huyo atauliza mwenyewe.

Cha tatu ni kidogo kuliko vyote, cha kuhesabu, "Mayai Mawili, Nyanya Moja". Kijana wa kando ya barabara anapika rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, chakula ambacho hakuna mtoto wa Uganda asiyekijua, na foleni ya wateja inazidi kurefuka.

Mhariri, pengine msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atashangaa kwa nini naandika kwa uzito hivi juu ya vitabu vidogo vya kurasa 24. Kwenu mtoto hupewa hadithi ya Kiswahili kabla hajaingia darasa la kwanza. Kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Mimi ni mtoto wa Walukuba, mitaa ya nyumba za wafanyakazi iliyokua pamoja na viwanda vya Jinja na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Jirani yetu wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Msamia, nyuma Waacholi, na sisi Wasoga. Kwenye bomba la maji wanawake walizungumza Kiswahili, kwa sababu bila Kiswahili hakuna ambaye angejua zamu ni ya nani. Kwa hiyo nilikipata kwa mama yangu na majirani zake, pamoja na utani wake na nyimbo zake za kubembelezea watoto.

Lakini sehemu kubwa ya Uganda, hasa Buganda, haikukipata hivyo. Ilikisikia kwanza kwa askari. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za wakoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, watu waliokuwa wakisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa wakiamrishwa kwa Kiswahili. Miaka ya themanini ikaja "panda gari". Waganda wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana nitasema tu kwamba askari walizingira mitaa, wakawakusanya watu, wakawaamuru wapande malori, na wapo ambao hawakurudi.

Katika "Mama Anaanika Mukene" kuna shangazi anayewaita watoto: "Haya, pandeni gari, twende kwa bibi!" Mzee mmoja aliyefungua kitabu mbele yangu sokoni alifika hapo akakifunga. Akaniambia habari ya kaka yake. Kisha akaniomba nilitoe neno hilo katika chapa ijayo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa pole kwa moyo wote, na nikamwambia kwamba sitalitoa. Mjukuu wake ana haki ya kuyasikia maneno hayo mara ya kwanza kutoka kwa shangazi mwenye kikapu cha mandazi, matatu ikiwa imejaa vicheko. Mzee hakukubaliana nami siku ile, nami simlaumu. Ila naamini kwamba woga wa lugha haufutwi kwa amri nyingine kutoka juu, hata iwe amri nzuri.

Na amri nzuri tunazo. Tangu 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na mwezi huohuo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai. Niliyashangilia yote hayo. Lakini ingia leo katika shule ya msingi ya kawaida. Mtihani wa darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kiswahili hakimo, kwa hiyo mwalimu mkuu anayepimwa kwa matokeo hakipi kipindi, au anakipa cha Ijumaa jioni ambacho huliwa na usafi wa darasa. Mtoto anafika sekondari akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni jedwali la ngeli ubaoni. Hajawahi kucheka kwa Kiswahili, hajawahi kusinzia akisomewa kwa Kiswahili, na tayari anaandaliwa kwa mtihani wake.

Mchapishaji mmoja niliyempelekea miswada aliniambia wazi kwamba vitabu vya namna hii havina soko Uganda, na kwamba nikimletea kitabu cha maswali na majibu ya mtihani atakichapa kesho. Basi nikachapa mwenyewe, kwa pensheni yangu na mchango wa wanangu. Nambari ya kitabu tuliichukua Maktaba ya Taifa, kazi ikafanyika Nasser Road, Kampala, mtaa ambao kila mwenye cha kuchapa huishia. Nilijifunza mengi pale. Kurasa ni 24 kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa mara kadhaa na kutoa nane au kumi na sita, hivyo ukitaka 26 unalipia karatasi unayoitupa. Rangi ndiyo inayopandisha gharama, na gharama ya kuandaa bamba za kuchapia ni ileile, uchape nakala mia moja au elfu kumi. Tulichapa nakala 1,000 za kila kitabu. Ndiyo maana kila kimoja kinauzwa shilingi 8,000 za Uganda, bei ambayo kwa mzazi mwenye watoto wanne Walukuba bado ni kubwa. Zingechapwa nyingi, ingeshuka. Hapo ndipo nyinyi wasomaji wa Kampala na Mbarara, mnaotamani watoto wenu wazungumze Kiswahili, mnaweza kusaidia: nunueni viwili, kimoja kipelekeni shule ya jirani.

Nimewasomea watoto wa darasa la tatu katika shule moja karibu na kwangu. Darasani humo yumo mvulana aliyetoka Kongo na wazazi wake. Mwalimu alinidokeza kwamba ni mzito wa masomo, hazungumzi. Nilipouliza nani anajua "kichanja" ni nini, aliinuka yeye, akaeleza, akaonyesha kwa mikono urefu wa miti, kisha akamrekebisha mwenzake aliyetamka vibaya. Kipindi kilichobaki watoto walikuwa wakimwuliza yeye badala ya kuniuliza mimi. Uganda imewapokea Wakongo kwa maelfu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na kwingineko, na watoto wao wengi wamekuja na Kiswahili mdomoni. Tunawahesabu kama wanafunzi dhaifu wa Kiingereza, ilhali tungeweza kuwaketisha mbele wakati wa hadithi.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lako nalipata kwa hisani ya dereva wa lori apitaye Busia, mara nyingi likiwa limechelewa siku mbili, na hulisoma lote hadi matangazo ya vifo. Lina kurasa za siasa, za michezo, za mapenzi. La mtoto halina hata kona. Tenga nusu ukurasa Jumamosi, uwe wa hadithi fupi na mchoro wake, uzungushwe kati ya waandishi wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwalimu asiye na bajeti ya vitabu ataukata na kuubandika ukutani, nao utakuwa maktaba ya darasa. Sitaki malipo kwa zangu.

Ya kwanza nimekwisha kuiandika. Ni ya mtoto anayelivuka daraja jipya la Nile hapa Jinja kwa mara ya kwanza, akiwa ndani ya lori la mjomba wake, na anataka kujua kamba zile kubwa zimefungwa wapi. Ina maneno mia nne na mchoro mmoja, inaenea nusu ukurasa bila kubanwa. Nitamkabidhi dereva yule siku utakaponijibu.

Mwandishi wa vitabu vya watoto,
Walukuba, Jinja, Uganda