Barua kwa shoga yangu aliyehamia Pangani

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatuchagua mitaa ya kunyeshea.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ukiniuliza uwafundisheje wanao kujihadhari na bahari. Mtu wa Iringa kupewa nyumba ambayo ukifungua dirisha unaiona bahari, lazima usingizi upungue, tena na huyo wa miaka minne asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Jirani anakushauri uwatishe kwa jini wa baharini anayebeba watoto. Mimi sikubaliani naye. Nafundisha chekechea, na watoto waliokuzwa kwa kutishiwa jini nawajua. Mtoto wa namna hiyo akiwa na mama yake analia hata kulowesha vidole. Akiwa na wenzake anaingia, maana jini mwenyewe hajawahi kumwona. Na akichomwa na kitu ndani ya maji hasemi, kwa kuwa anajua ataulizwa alikwenda huko na nani.

Wapeleke kwa kaa kwanza. Maji yakipwa, nendeni kwenye tope pembeni ya mikoko, mkae kimya. Watatoka wale wadogo wenye gando moja kubwa. Mtoto akipunga mkono tu, wote shimoni. Usieleze kitu. Muulize: kaa amejuaje? Mbona hakwenda mbali na shimo lake? Maji yakianza kurudi, kaa hao hujirudisha shimoni kabla hayajawafikia, wengine huziba na mlango kwa tope. Usiku, wakati wa kulala, msimulie habari za kaa mmoja aliyekwenda kula na kila baada ya hatua chache akageuka kutazama mlango wa kwake uko wapi. Simulia polepole, bila mtu kuliwa. Kesho yake utamsikia mwenyewe akiuliza, "Mama, mlango wetu uko wapi?" Hapo ndipo mnapochagua mnazi mmoja, au ngalawa iliyopandishwa, ambayo akicheza lazima aione.

Maji nayo wajifunze kwa macho. Chomekeni kijiti mchangani pale maji yalipofika, rudini baadaye mkitafute. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana isikudanganye. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua: maji yanakwenda mbali sana, fungu la mchanga linaita, halafu yanarudi kwa nguvu. Wavuvi wa hapo hawana haja ya saa kwa mambo haya, waulize. Wasimulie watoto na Maziwe, lile fungu la mchanga mbele ya kijiji cha Ushongo. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo maji yakijaa kinafunikwa chote. Kasa bado wanapanda kutaga pale, ndiyo maana watu huyachukua mayai yao na kuyafukia upya ufukweni Ushongo, maji yasiyakute. Wanangu wa darasani hawaichoki hii. Huuliza kila mara, "Walifika kabla ya maji?" Walifika.

Mengine ni ya kuelekeza tu. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji mafupi, kwa hiyo watembee wakiburuta miguu, naye ataondoka zake. Kombe na konokono wa baharini walio hai waangaliwe kwa macho, wasiokotwe. Wako wenye sumu, na mtoto hawezi kuwatofautisha. Mtoni hapana kabisa, hiyo haina hadithi: mkondo una nguvu na mamba wamo.

Ile ngano ya Kima na Papa unaikumbuka? Mimi naitumia kwa hatari za nchi kavu. Papa hakuwa mgeni. Alikuwa rafiki, amezoeleka pale mtini, na kwa maneno yake matamu akamchukua Kima safari ya baharini, kumbe anautaka moyo wake. Nauliza tu: nani alijua Kima amekwenda safari? Darasa zima linajibu, hakuna. Basi tunazungumza kwamba hata anayekuita akiwa mjomba au jirani, kwanza unakuja kuniambia, na anayekuambia "usimwambie mama", huyo hasa ndiye wa kuniambia habari zake. Hawaogopi watu kwa hayo, bado wanaamkia kila mzee njiani.

Lakini shoga, hadithi isikulegeze. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na wa miaka minne anaweza kukuimbia habari za kaa toka mwanzo hadi mwisho kisha akafuata mpira majini. Wakiwa ufukweni, simu iache nyumbani. Na kama mnakwenda wengi, mtaje kwa jina nani anaangalia, maana kila mtu akidhani mwenzake anaangalia, hakuna anayeangalia.

Shule zikifunga nitakuja. Nitafutie mtu wa ngalawa mwaminifu, mwenye maboya ya kuvaa ya saizi ya watoto. Asiyekuwa nayo, hata akipunguza bei, mwache.

Wasalimie wote.

Mimi shoga yako,
Tanga