Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Bahari Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu wa skuli yetu,
Walimu na wajumbe wa kamati ya skuli,
Wazee wetu wavuvi na mama zetu wakulima wa mwani,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wa klabu ya wanafunzi pamoja na majukumu yako mengi. Leo ni tarehe 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani. Katika siku kama hii watu huteremka pwani kuokota plastiki, na sisi asubuhi tumeokota. Lakini risala yetu haihusu plastiki. Plastiki inajitangaza yenyewe. Tunataka kukueleza juu ya uchafu ambao mtu anaweza kuuchota kwa chupa ya kioo, akauinua juani, asione kitu.

Uchafu huo ni rutuba iliyopita kiasi. Naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile anavyovinunua mkulima kwa gunia, huingia baharini kupitia mifereji ya maji taka, makaro, mashamba na maji ya mvua yanayopita majaani. Bahari za nchi za joto, hasa penye matumbawe, zimezoea kuishi kwa rutuba kidogo mno, na ndiyo maana maji yake ni maangavu. Rutuba inapozidi, anayefaidika kwanza ni mwani unaokua haraka. Huyafunika matumbawe, hugandama juu ya nyasi bahari na kuzinyima mwanga, na samaki wachanga waliokuwa wakijificha humo hukosa pa kukaa.

Kwa Unguja haya si mambo ya kusikia tu. Kwa miaka mingi maji taka ya Mji Mkongwe na mitaa ya jirani yamekuwa yakimwagwa baharini bila kusafishwa. Mwaka 1995 kundi la watafiti, akiwemo marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichapisha matokeo ya utafiti katika matumbawe yaliyo karibu na mji wetu. Waliangalia mwani chokaa, ule mgumu wenye rangi ya waridi unaoshikamanisha vipande vya matumbawe. Waliona kwamba kadiri unavyousogelea mji ndivyo mwani huo unavyopungua na fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka, inavyoongezeka majini. Walipoujaribu maabara, fosfeti ilipozidi, ukuaji wake ulidorora. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Tumesoma habari hii tukaona aibu kidogo kwamba sisi tunaoogelea hapo hapo hatukuijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali lililoisumbua klabu yetu tangu hapo ni moja: kiasi gani kinaingia, na tutajuaje? Tulidhani jibu ni jepesi, unachota maji, unapeleka maabara, unaletewa namba. Mtaalamu aliyetutembelea alituambia kwamba katika bahari ya joto namba hiyo inaweza kukudanganya mchana kweupe. Rutuba ikishaingia katika maji yenye jua na uvuguvugu, mwani na vijimea vinavyoelea huinyonya kwa muda mfupi sana. Mtu akichota maji baada ya hapo atakuta naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka, kidogo tu, ataandika kwamba bahari ni salama, na huku rutuba yenyewe imo tayari ndani ya mwani ulio miguuni pake. Ni sawa na kupima chakula cha harusi kwa kuchungulia sufuria baada ya wageni kuondoka.

Hata hilo la kuchota lina adabu yake. Chupa huoshwa kwa asidi hafifu ya haidrokloriki, kisha kwa maji yaliyokenekwa, na ukifika mahali pa kuchota unaisuuza mara tatu kwa maji ya bahari ya pale pale kabla ya kuijaza. Sabuni ya unga haisogezwi karibu, maana nyingine zina fosfeti. Maji huchujwa mara moja, huwekwa kwenye barafu na gizani, na yasipopimwa siku ile lazima yagandishwe, kwa sababu vijidudu vilivyomo havisubiri ufike mjini. Vinaendelea kula na kutoa. Moshi wa sigara una amonia, ambayo nayo ina naitrojeni, ya kutosha kuharibu kipimo. Kwa hiyo nahodha wetu, ambaye tunamheshimu sana na amekaa pale mbele, huombwa avute sigara yake baada ya kurudi pwani. Hukubali, kwa manung'uniko.

Halafu kuna suala la wakati, na hapa walimu wetu wakubwa wamekuwa wavuvi na akina mama wa pwani. Maji kujaa huleta maji ya bahari kuu na kuuficha uchafu. Maji kupwa huufichua. Kisiwa chetu ni jiwe la chokaa lenye matundu, na maji ya ardhini hupenya chini kwa chini hadi ufukweni. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, akina mama wanaokwenda kuvua pweza wanajua hasa ni wapi mchangani panapobubujika maji baridi yasiyo na chumvi. Tulikwenda nao wakatuonyesha. Kama juu ya ufukwe huo kuna karo la nyumba au la hoteli lisilojengwa vizuri, rutuba yake haihitaji mfereji. Inapitia humo humo kwenye jiwe. Mtafiti anayekuja na boti na kupima katikati ya ghuba tu hawezi kuyaona maji haya. Na anayepima wakati wa kiangazi tu hataiona masika, mvua inapoosha kila kitu na kukiteremsha baharini kwa siku chache.

Jiwe la chokaa lina jambo jingine pia. Hushika fosfeti nyingi njiani na kuiachia naitreti ipite, kwa hiyo kupima kimoja bila kingine ni kusoma nusu ya barua. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Marekani, Alfred Redfield, alionyesha kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini vina naitrojeni na fosforasi kwa uwiano ambao leo hutajwa kuwa 16 kwa 1. Mimea inayoota chini, kama mwani na nyasi bahari, ina uwiano ulio karibu na 30 kwa 1. Ukijua uwiano huo unaweza kukisia ni kipi kati ya viwili hivyo kinachokosekana, na kwa hiyo ni kipi kikiongezwa kitauamsha mwani.

Ndipo tukafika kwenye kipimo kilichotufurahisha kuliko vyote, yaani kuuliza mwani wenyewe. Mwani hauhami. Umekaa pale pale siku na wiki, maji yakijaa na kupwa, ukila kila kilichopita. Ukikausha kipande chake na kukipima maabara, kinakupa kumbukumbu ya muda wote huo badala ya saa moja. Tena naitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Mbolea ya viwandani hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo uwiano wake unakaribiana na wa hewa. Naitrojeni ya kinyesi, ikishapita katika makaro na ardhini, kwa kawaida hubaki na ile nzito zaidi. Kwa kupima uwiano huo ndani ya mwani wataalamu huweza kusema, kwa tahadhari, kama rutuba imetoka shambani au chooni. Tunalitaja neno hili bila haya kwa sababu ndilo lenyewe.

Hatukudharau vipimo vya rahisi. Padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, aliteremsha kisahani cheupe baharini mwaka 1865 na kuangalia kinapotea katika kina gani. Cha kwetu tumekitengeneza kwa mfuniko wa ndoo ya rangi, kamba na jiwe. Tatizo ni kwamba penye matumbawe ya maji mafupi kisahani hugota chini kabla hakijapotea. Setilaiti nazo hupima ukijani wa bahari kutoka angani, na kwa bahari kuu hufanya kazi nzuri, ila karibu na ufukwe huchanganywa na mchanga mweupe unaong'aa chini na matope ya mvua. Na hata mwani ukiwa mwingi, si lazima mkosaji awe rutuba peke yake. Tasi na pono wakivuliwa kupita kiasi, nani ataula? Wazee wavuvi, hili tunalisema kwa heshima.

Wapo wataalamu waliopendekeza kwamba katika matumbawe naitrojeni iliyoyeyuka isizidi mikromoli 1 kwa lita na fosfeti isizidi 0.1. Wapo waliowapinga. Sisi hatuna uwezo wa kuamua ugomvi huo. Tulichokiona ni kwamba viwango hivyo ni vidogo kiasi kwamba kidole kichafu tu kinatosha kuvivuruga, na kwamba ufukwe ambao haujawahi kupimwa hauwezi kutetewa kwa kiwango chochote.

Mfano tunaoupenda ni wa Kaneohe Bay, kule Hawaii. Maji taka yalikuwa yakimwagwa ndani ya ghuba ile hadi mwaka 1977 na 1978, yalipohamishiwa bahari ya kina kirefu. Maji yalianza kung'aa mapema, vijimea vinavyoelea vikapungua. Mwani mmoja wa kijani uliokuwa umefunika matumbawe uliendelea kung'ang'ania kwa miaka mingi, ukaja kuporomoka mwaka 2006. Yote hayo yanajulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliopima kabla ya bomba kuhamishwa, na wakaendelea kupima baadaye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya klabu kulikuwa na waliotaka tukuombe kifaa kikubwa cha kisasa. Tulijadiliana sana tukakataa. Kifaa kikubwa huzinduliwa, hupigwa picha, kisha hukosa kemikali. Tunachoomba ni friza moja la kuhifadhia sampuli, na petroli ya boti ya kila mwezi, masika na kiangazi, kaskazi na kusi, bila kukatika. Tunaomba utusaidie kufikisha barua yetu Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa hapa Unguja, ili sampuli zetu zipate nafasi katika maabara yao na wanafunzi wawili wawili waende kujifunza kupima. Tunaomba pia vipimo vya maji yanayotoka kwenye hoteli na mifereji viwekwe wazi, vibandikwe kwenye ubao wa shehia kama yanavyobandikwa matangazo mengine, ili mama anayelima mwani avione bila kuomba kibali.

Umoja wa Mataifa, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, uliuweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kupunguza kwa kiwango kikubwa uchafuzi wa bahari, na rutuba imetajwa humo kwa jina. Mwaka huo umeshafika. Bamvua ijayo tutakuwa ufukweni na chupa zetu, na tunakukaribisha, wewe au utakayemtuma. Viatu vya kukanyagia urumba tunavyo vya ziada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq.