Mkono wa Baba haukuchezewa

Tanga,
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi huko Muscat. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa ndani ya basi la Pangani bila spika za masikioni, kwa hiyo abiria wawili watatu nao sasa wanajua kwamba baba yako anagombana na mkono wake. Unisamehe.

Nimekwenda, nikakaa naye tangu adhuhuri hadi magharibi. Amekonda, na mguu wa kulia bado anauburuta tangu kile kiharusi, lakini mzaha wake ni ule ule. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akaukamata mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaniambia, "Na huyu mwamkie kivyake, hatuko pamoja."

Dada yako ana mashtaka mawili. La kwanza unalijua: Baba amechezewa. La pili hakukwambia kwenye simu, nalo ndilo linalomkosesha usingizi: anaona Baba anajifanya. Ushahidi wake ni huu. Mjukuu akimwambia, "Babu, nipungie mkono wa kushoto," mkono umelala pajani kama wa mtu mwingine. Nzi akimtua shavu la kushoto, mkono huo huo unaruka na kumfukuza. "Kama nzi anamuweza," anasema, "sisi tunamshindaje?"

Swali zuri hilo, na jibu lake limo kwenye picha za MRI, zile za ndani ya kichwa, alizopigwa Dar. Ubongo una nusu mbili, na katikati yake kuna daraja la nyuzi zipatazo milioni 200, madaktari wanaliita kopasi kalosamu. Nusu ya kushoto ndiyo inayouendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo yenye ulimi. Nusu ya kulia inauendesha mkono wa kushoto, lakini kusema haijui. Ukimwambia Baba "punga", neno linaeleweka kushoto, halafu agizo lazima livuke daraja ndipo liufikie mkono. Daraja la Baba limekatika sehemu ya mbele. Nzi hana haja ya kuvuka popote: mguso wa shavu la kushoto unafika nusu ya kulia moja kwa moja, na mkono uko chini ya nusu hiyo hiyo.

Dada yako akanibana tena: ugonjwa gani unaruka msalaba, mguu wa kulia na mkono wa kushoto? Kumbe hapo ndipo uchawi ulipoingia. Nikamchorea kwenye bahasha ya hospitali. Mshipa wa damu ulioziba ni wa mbele, upande wa kushoto. Unalisha sehemu inayoongoza mguu wa kulia, kisha unapinda na kupita juu ya daraja, unalilisha nalo. Mshipa mmoja, hasara mbili.

Alikuwa bado amekunja uso, ndipo nikafanya jambo ambalo pengine ningeanza nalo. Nikamfunga Baba macho kwa mtandio wangu, nikamtia ufunguo wa kabati mkononi, wa kushoto. Akaupapasa vizuri tu. "Nini hicho, Baba?" "Kijiko." Nikauchukua, nikauchanganya kwenye sinia na kijiko, kitana na kibiriti, nikauongoza mkono ule ule hadi kwenye sinia. Ukapekua, ukauchomoa ufunguo. "Umeshika nini?" "Si nimeshasema, kijiko." Nikauhamishia mkono wa kulia: "Aa, ufunguo." Dada yako akanyamaza, kisha akaenda kutia maji ya chai.

Unaona, Mwanaidi? Mkono ulijua. Mdomo ndio haukupata habari. Anapofunga vifungo vya kanzu kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukifuata nyuma ukivifungua, naye akalalamika "si mimi", msimwone mwongo. Huyo "mimi" anayesema ni yule wa upande wenye ulimi, na kweli hakutoa agizo hilo.

Hali hii si ngeni. Mwaka 1907, Ujerumani, daktari Hugo Liepmann na mwenzake Maas walieleza habari za mgonjwa aliyepooza upande wa kulia, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa na nguvu zake, ukashindwa kuandika na kufuata maagizo. Alipokufa wakakuta kopasi kalosamu imeharibika. Nilipolisoma hilo chuoni lilikuwa swali la mtihani tu. Sikudhani ningelikuta Pangani kwenye baraza ya fundi aliyenishonea sare ya shule.

Baadaye, Marekani, walilikata daraja hilo kwa makusudi ili kifafa kikali kisivuke upande wa pili. Mtafiti wa ubongo Roger Sperry aliwapima wagonjwa hao pamoja na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga, na mwaka 1981 Sperry akapewa Tuzo ya Nobel. Lipo jaribio moja la Gazzaniga silisahau. Kijana mmoja alionyeshwa ukucha wa kuku kwa nusu yenye maneno, na nyumba iliyozingirwa na theluji kwa nusu nyingine. Mkono wa kulia ukachagua picha ya kuku, wa kushoto ukachagua sepeto. Alipoulizwa sepeto la nini, alijibu bila kusita: la kusafishia banda la kuku. Theluji hakuitaja, maana upande unaosema haukuiona.

Ndiyo maana Baba, mkono ule uliposukuma kikombe, alidai chai ilikuwa ya moto ilhali ilikuwa imepoa zamani. Hakutunga uongo. Ulimi ulikuta jambo limekwisha kutendeka, ukalitafutia sababu. Mwambie dada yako aache kumuuliza "kwa nini umefanya hivyo", maana atajibiwa tu.

La kufanya: mkono wa kushoto upewe kazi ya kushika. Nimempa fimbo, na akikaa, kipande cha kitambaa. Kimemtuliza kuliko nilivyotarajia. Vitu vya moto na visu viwekwe mbali. Mazoezi nitamfanyisha kila Jumamosi. Kwa wengi walioipata hali hii kwa kiharusi, mkono hupungua ukaidi kadiri wiki na miezi inavyopita, ila siku siwezi kukutajia. Kisomo msimnyime, mwenyewe anakipenda. Lakini yule bwana anayetaka kumchanja chale na kumwachisha dawa za presha, mimi nimemwambia dada yako asimkaribishe tena, na kama kuna lawama nitabeba mimi.

Baba ameuliza kama atarudi kwenye cherehani. Nilimjibu tungoje kwanza, na sikupenda nilivyosikika. Ukimpigia, usimwambie nimekuandikia haya. Picha za MRI nimezirudisha kwenye bahasha ile yenye mchoro wangu, ziko juu ya kabati. Mwambie dada yako asizikunje, daktari atazihitaji.

Wako,
Zuhura