Barua ya Kufunga Muhula: Vyura wa Darasa la Tatu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA VYURA WALIOFUGWA DARASANI

Habari za kazi, na poleni kwa baridi hii ya Mufindi. Shule inafungwa Ijumaa. Tarehe ya kufungua na salio la mchango wa chakula vimeandikwa nyuma ya ripoti ya mtoto. Nafasi iliyobaki naitumia kwa vyura, maana wazazi kadhaa wamefika ofisini kuuliza.

Mwezi wa nne watoto na mwalimu wao wa sayansi walichota viluwiluwi wa chura kwenye dimbwi la bondeni. Salamanda, yule ndugu wa chura mwenye mkia, hapatikani Tanzania, hivyo tulianza na wa kwetu.

Wiki ya kwanza tulikosea. Beseni lilipochafuka tulijaza maji ya bomba yenye klorini, na asubuhi tukakuta zaidi ya nusu wamekufa. Watoto walilia. Kosa lilikuwa letu watu wazima, na niliwaomba radhi darasani. Tangu hapo maji hukaa ndooni siku mbili bila mfuniko kabla ya kutumika. Mchicha uliochemshwa huwekwa kidogo tu, na mabaki hutolewa jioni.

Waliobaki ni kumi na mmoja. Miguu ya nyuma ilitangulia, ya mbele ikafuata, kisha mkia ukaanza kunywea. Siku hizo hawali, mwili hujilisha kwa mkia wenyewe. Mtoto mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono alisimama akaeleza kwa nini tumeweka jiwe katikati ya beseni: matamvua ya kupumulia majini yamekwisha, sasa wanavuta hewa kwa mapafu, na wakikosa pa kupanda watakufa maji. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia.

Kwa mnaohofia chunjua: huletwa na virusi vya binadamu, si chura. Hata hivyo watoto hunawa kwa sabuni wakishagusa beseni, kwa kuwa chura anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Naye hatumshiki ovyo, kwani ngozi yake hupitisha maji na hewa, na mikono yenye mafuta humdhuru.

Watoto wamejifunza pia habari za chura wa Kihansi, wa hapo Udzungwa, mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa badala ya kutaga. Maji ya maporomoko yalipochepushwa kuzalisha umeme mwaka 2000, na ugonjwa wa kuvu ukawaingia, walipungua hadi mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamepelekwa Marekani ndio waliozaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao.

Wa kwetu tutawarudisha Alhamisi saa nne asubuhi, dimbwi lile lile walikotoka, tusije tukapeleka magonjwa kwingine. Likizo hii mtoto akichota viluwiluwi, mwacheni atazame, kisha awarudishe pale pale. Mnakaribishwa Alhamisi. Njooni na mabuti, umande wa bondeni ni mzito.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu